Dinamomita ya Jamar: kupima nguvu ya mshiko kwa utafiti wa mkono Kigoma

Ukiandaa utafiti wa majeraha ya mkono Kigoma, iwe ni hospitali ya mkoa ya Maweni au ya wilaya, huwezi kukwepa kupima nguvu ya mshiko. Kifaa kinachochukuliwa kama rejea ni dinamomita ya haidroliki aina ya Jamar. Muundo wake ulielezwa na Bechtol mwaka 1954, na jedwali la viwango vya kawaida la Mathiowetz na wenzake la mwaka 1985 limejengwa juu yake. Tunaipa alama ya juu, kwa masharti mawili: ihakikiwe kwa uzito unaojulikana, na kila mgonjwa apimwe katika mkao uleule. Likikosekana hata moja, kilo zinazosomeka kwenye geji hazifai kuingizwa kwenye jedwali la matokeo.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa. Mgonjwa anabana, mafuta yaliyofungiwa ndani yanapata shinikizo, mshale unapanda. Mshale wa pili, mwekundu, unabaki kwenye kilele ili apimaye asome kwa utulivu mgonjwa akishalegeza. Geji inaonyesha kilo hadi 90 na ratili hadi 200. Haina betri wala skrini ya kufifia katikati ya kliniki, na huo ni ubora mkubwa kwa timu inayofuata wagonjwa hadi Uvinza au vijiji vya mwambao. Mshiko wa kifaa, yaani mpini unaobanwa, una nafasi 5, kuanzia takriban sentimita 3.5 hadi 8.7. Nafasi ya 2 ndiyo inayopendekezwa kwa watu wazima, na ndiyo ya kuandika kwenye itifaki.

Hapo kwenye mshiko ndipo penye kosa linalowapata wengi. Mshiko unatoka na kurudishwa kila unapobadilisha nafasi, na klipu yake lazima ikae kwenye nguzo ya chini, ile iliyo mbali na geji. Ukiirudisha kinyume kifaa kinafanya kazi kama kawaida, mshale unapanda, mgonjwa anaridhika, ila namba si sahihi. Hakuna dalili yoyote ya kukushtua. Kwa hiyo weka alama ya rangi ya kucha kwenye mshiko na kwenye nguzo, zitazamane. Kazi ya dakika moja, na inaokoa data ya mwaka mzima.

Udhaifu wake wa kweli uko kwenye namba za chini za geji. Mistari imepigwa kila baada ya kilo 2, hivyo unasoma kwa kukadiria hadi kilo 1. Kwa mvuvi mzima anayebana kilo 45 hilo halina uzito. Kwa mama aliyefunguliwa hogo (plasta ya mfupa) wiki ya 6, ambaye anafikisha kilo 4, kosa la kilo 1 ni robo ya nguvu yake yote, na vifaa vya haidroliki kwa ujumla havihisi vizuri nguvu ndogo. Kama utafiti wako unahusu wiki za mwanzo, au wagonjwa wenye baridi yabisi kali, tafuta ya kielektroniki inayosoma gramu 100. Kwa vipimo vya miezi 3, 6 na 12, Jamar inatosha kabisa.

Sasa uhakiki, ambao wengi wanauruka kwa kudhani kwamba kifaa cha bei kubwa hakihitaji. Kinahitaji. Mafuta huvuja taratibu, kikianguka geji inahama, na mtikisiko wa barabara za vumbi hauna huruma. Kipime kabla ya utafiti kuanza, kila baada ya miezi 3, na siku yoyote kitakapoanguka, hata kama hakina mkwaruzo.

Huhitaji maabara. Mwambie seremala akutobolee ubao imara tundu refu, uulaze ubao kati ya meza mbili, kisha ukilaze kifaa juu ya tundu, mshiko ukiwa juu katika nafasi ya 2. Pitisha mkanda wa upana wa sentimita 4 hivi juu ya katikati ya mshiko, ushuke kupitia tunduni, uning'inize uzito. Tumia mawe ya mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Yakikosekana, madumu mawili ya lita 20 yanafanya kazi: yapime matupu kwenye mizani iliyohakikiwa, kisha ongeza maji kwa chombo cha lita 1, kila lita ikiwa kilo 1. Usijaze dumu hadi mdomoni ukaliita kilo 20, kwa sababu dumu likijaa pomoni hubeba zaidi ya lita 20, na plastiki yenyewe ina uzito. Panda kilo 5, 10, 20, 30, 40, kisha shuka kwa hatua zilezile, ukirudisha mshale mwekundu sifuri kabla ya kila hatua ya kupanda na ukisoma ule mwingine unaposhuka. Tofauti ikizidi asilimia 5 popote kati ya kilo 10 na 40, kifaa kinapumzishwa. Tofauti ikiwa ileile kila hatua, geji imehama. Ikikua kadiri uzito unavyoongezeka, au masomo ya kushuka yakiachana na ya kupanda, shuku mafuta.

Mkao wa mgonjwa ni ule wa chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya mkono: ameketi, nyayo zimekanyaga sakafu, bega limetulia ubavuni, kiwiko nyuzi 90, kigasha hakijageuzwa juu wala chini, kifundo cha mkono kimeinuka kati ya nyuzi 0 na 30. Kwenye maandishi ni rahisi. Kwenye kliniki zetu kikwazo ni benchi: ni refu, miguu inaning'inia, na mgonjwa anaegemeza kiwiko kwenye meza ya daktari. Tengeni kiti kimoja kisicho na mikono, kiandikwe namba, kisiondoke chumba hicho. Apimaye ashike kifaa kwa chini kidogo kupokea uzito wake, bila kuzuia mshiko. Mikono ifutwe kwanza. Kwa wakamuaji wa mawese hili si jambo dogo, maana mafuta kiganjani yanateleza na kilo zinapotea bila msuli kuwa na kosa.

Bana sekunde 3, mara 3 kila mkono, kwa kupokezana ili mkono mmoja upumzike mwingine ukifanya kazi, kisha chukua wastani. Maneno ya kuhamasisha yaandikwe na yasomwe vilevile kwa wote: "Kaza! Kaza! Kaza! Legeza." Anayemshangilia kijana na kumwongelesha bibi kwa upole anapima sauti yake mwenyewe. Na kama utafiti unalinganisha hogo na pini za kushikilia mfupa, apimaye asijue mgonjwa alitibiwa kwa ipi. Kovu litamwambia, kwa hiyo vifundo vyote viwili vizungushiwe bandeji laini kabla mgonjwa hajaingia.

Usipime mapema. Mfupa ambao haujaunga, au kano za kukunja vidole zilizoshonwa ambazo hazijafikisha wiki 12, havibanishwi kwa nguvu zote. Kano inaweza kukatika mbele yako.

Kuna suala la kusoma namba zenyewe. Kilo ghafi hazilinganishiki kati ya mbeba mizigo wa Kibirizi na karani wa benki, hivyo wengi huandika asilimia ya mkono usioumia. Kwa anayetumia mkono wa kulia, huo kwa kawaida una nguvu zaidi kwa takriban asilimia 10, huku kwa wanaotumia kushoto mikono ikikaribia kulingana. Mgonjwa anayetumia kulia, aliyevunjika kulia, akibana 24 upande huo na 36 kushoto, ukigawa moja kwa moja unapata asilimia 67. Ukirekebisha, mkono wa kulia ulitarajiwa kufika 39.6, na jibu ni asilimia 61. Chagueni njia moja kabla ya mgonjwa wa kwanza, si baada ya kuona matokeo.

Umakini huu wote unalipa kwenye ukubwa wa sampuli. Kwa waliovunjika kifundo cha mkono, tofauti ambayo mgonjwa mwenyewe huihisi imekadiriwa kuwa kilo 6.5. Tuseme mtawanyiko wa vipimo (mkengeuko sanifu) ni kilo 10: kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti hiyo unahitaji wagonjwa 38 kila kundi. Upimaji wa hovyo ukiupandisha mtawanyiko hadi 13, unahitaji 63. Hao 25 wa ziada kila kundi, mahali ambapo mgonjwa anatoka Kalya kwa boti, ni miezi mingi ya kazi na nauli.

Jamar isibebe utafiti peke yake, hata hivyo. DRAFFT2, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha hogo lililoumbwa vizuri na pini kwa wagonjwa 500 waliovunjika kifundo cha mkono, na kipimo chake kikuu kilikuwa PRWE, dodoso la maswali 15 kuhusu kifundo hicho ambalo nusu ya alama 100 ni maumivu na nusu ni shughuli. Baada ya miezi 12 makundi hayakutofautiana kwa maana, ingawa takriban asilimia 13 ya waliofungwa hogo walihitaji upasuaji ndani ya wiki 6 kwa kuwa mfupa ulihama. Tofauti kama hiyo hakuna dinamomita itakayokuonyesha. Inahitaji daftari la matukio na picha za eksirei za kurudia. Ukitumia DASH, dodoso jingine la mkono, kumbuka swali la 21 linahusu tendo la ndoa na wengi wataliacha wazi. Dodoso la maswali 30 linavumilia mapengo 3 tu, hivyo fupi la maswali 11, lisilo na swali hilo, linaokoa mafaili mengi.

Jambo moja linatukera katika matumizi ya kifaa hiki: kupima nafasi zote 5 na kumwita mgonjwa mwongo kwa sababu mchoro wa namba hizo umekuwa bapa badala ya kupanda na kushuka. Mkono dhaifu kweli hutoa mchoro bapa vilevile. Kipimo hicho kisitumike kumnyima mtu fidia.

Ukiuziwa kilichotumika, geuza kifaa chini juu na ukague unyevu wa mafuta chini ya geji, hakikisha mshale umekaa sifuri bila kuguswa, zungusha ule mwekundu uone kama unakwama, kisha omba mshiko uchomolewe na kurudishwa mbele yako katika nafasi zote 5. Muuzaji akikukataza kuning'iniza dumu, achana nacho.