Bolti imegoma kufunguka, ununue kifaa gani kwanza

Wiki hii mtu wa pili ananiuliza anunue nini cha kufungulia bolti zilizokufa kwa kutu, wote wawili wana mashine za boti, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba mpaka Igombe vyuma havikauki vizuri. Watu wanasema maji ya ziwa hayana chumvi basi hayali chuma, hapana, yanakula taratibu, na bolti ya stenlesi ikikaa miaka ndani ya bodi ya alumini vinashikana utadhani vimechomelewa.

Namba moja, na hapa sibishani na mtu, ni soketi za pembe sita pamoja na mkono mrefu usio na racheti, yaani kile kichwa chenye meno ndani kinachokaza upande mmoja tu. Zile za pembe 12 zinaingia haraka ndo maana watu wanazipenda, ila zinashika kwenye kona za bolti tu, ikiwa ngumu kona zinalika na hapo umeshajiongezea kazi. Pembe sita inabana ubavu. Chukua zenye tundu la mkono la nusu inchi, ukiwa na saizi za milimita 10, 12, 13, 14, 17 na 19 utafungua sehemu kubwa ya pikipiki na mashine ya boti. Mkono tafuta wa kama sentimita 60, maana spana ya sentimita 20 ukiilinganisha nao nguvu inakuwa mara tatu na wewe hujaongeza jasho lolote. Racheti iache kwa kuzungushia bolti ikishalegea, ukiivunjia bolti ngumu meno ya ndani yanakatika na pesa yako imeenda.

Angalia maandishi Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa kromu na vanadi, kwenye chuma chenyewe, sio kwenye boksi, ingawa hata hayo yanafojiwa, kwa hiyo beba bolti yako dukani uijaribishe, soketi ikicheza cheza irudishe palepale.

Namba mbili ni bisibisi ya kugonga, ile nzito unayoipiga nyundo kwa nyuma nayo inajizungusha huku inajikandamiza kwenye skrubu. Hii wengi hawaijui na ndiyo inayookoa skrubu za nyota za pikipiki, zile ambazo bisibisi ya kawaida ikizidiwa inaruka nje na kula kichwa. Kwa fundi wa bodaboda ningesema hii ndo iwe namba moja.

Tatu, spana za ringi, kwa pale soketi haifiki. Nne vaisigripu, ile koleo inayojifunga ikishabana, hiyo ni ya bolti ambayo kichwa kimeshalika, ukiikimbilia mapema wewe ndo utakayekila. Spana malaya, ile ya kurekebisha upana wa taya, naiweka mwisho kabisa, taya zake zinalegea ukizivuta na bolti ngumu inataka kinyume chake, nunua kwa kazi za bomba nyumbani.

Ila jamani kifaa bila subira hakisaidii. Mwaka jana nilichomeka bomba kwenye mkono wa soketi nikavuta kwa hasira, bolti ikakatikia ndani ya bodi ya mashine, tukapoteza siku mbili kuitoboa na mwenye boti hakwenda ziwani, iliniuma sana kwa sababu yale ni mapato ya watu sita. Sasa hivi napulizia dawa ya kutu jioni, nagonga kichwa cha bolti kidogo kidogo ili dawa ipenye, asubuhi naikaza kidogo sana kwanza halafu ndo nafungua, ikisogea narudisha, nafungua tena. Ikigoma kabisa napasha moto bodi ya alumini na sio bolti, alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma kwa hiyo tundu linaachia, lakini kwanza ondoa tenki na mipira yote ya mafuta upeleke mbali, na ile dawa uliyopulizia ifute maana nayo inawaka.

Na kabla hujavuta hakikisha unazungusha upande sahihi. Pedeli ya kushoto ya baiskeli ina nyuzi za kinyume, nimeona vijana wanaikaza kwa nguvu zote wakidhani imeshika kutu, wanaenda kununua mkono mrefu zaidi.