Uzoefu wangu: safari ya siku moja kwenye ngome za Nizwa, Bahla na Jabrin

Kama umekulia Mombasa na Fort Jesus unaijua tangu shule ya msingi, safari hii ya bara la Oman inakuhusu. Tuliondoka Maskati alfajiri, kundi dogo ndani ya gari moja, na mtembezaji wetu alizungumza Kiswahili cha Unguja, maana wazee wake walihamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukiweka nafasi, omba mtembezaji wa namna hii. Tofauti ni kubwa.

Nizwa nenda Ijumaa, uwahi mnada wa mbuzi: wauzaji wanazungusha mifugo, wanunuzi wameketi duara wakitaja bei. Kisha panda mnara wa ngome. Aliujenga Imam Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Sehemu ya chini imeshindiliwa udongo na mawe ili mizinga isiubomoe, na juu ya milango ya ngazi kuna matundu ya kumwagia adui asali ya tende iliyochemka.

Bahla tulipewa nusu saa tu, na hapo ndipo lawama yangu ilipo. Ngome kubwa kiasi kile, ya matofali ya udongo, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987 na kuhesabiwa kuwa hatarini hadi 2004, si ya kupitiwa mbiombio. Muda ulikwenda kwenye duka la vinyago ambalo hakuna aliyeliomba.

Jabrin ndiyo iliyonikamata. Bil'arab bin Sultan, mtoto wa huyo Imam wa Nizwa, aliijenga kama kasri la kuishi na kusomeshea. Dari zake za mbao zimechorwa maua na maandishi, na ghala la tende lina mifereji sakafuni ya kukusanya asali inayochuruzika. Kaburi la Bil'arab limo humohumo. Mtembezaji alisimama hapo akaniambia, "Dada, ndugu yake ndiye aliyemzingira humu." Ndugu huyo ni Saif bin Sultan, na ni jeshi lake lililoiteka Fort Jesus mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwaka ule niliukariri darasani bila kujua kwamba mshindi wa Mombasa alianza kwa kumpiga vita ndugu wa baba mmoja. Nilikaa pale mpaka nikaitwa garini.

Chakula cha mchana kilikuwa kizuri, wali na nyama, kahawa na halua juu. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, na uende kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Kabla ya kulipa, waambie waandaaji wa safari waandike kwenye ratiba kwamba duka limefutwa na Bahla imepewa saa nzima.