Mashine za tumbo: angalia sakafu yako kabla ya kuuliza bei

Siku hizi meseji zenu ni kilio kimoja: kile chuma cha kunasia miguu ukilala chali na kuinuka, chenye kikombe cha mpira chini, kinachomoka. Dada mmoja wa Igoma, hapahapa Mwanza, kilimtoka akiwa anainuka, kikamgonga ugokoni. Muuzaji akamjibu eti hajui kukitumia. Anajua sana, tatizo ni sakafu yake.

Kikombe kile hunasa kwa sababu hewa imetolewa chini yake. Sakafu ya saruji, hata iliyopigwa niru ikang'aa, ina vitundu na nyufa ndogo. Hewa inarudi taratibu, na wewe umelala chali huna habari. Kwenye tailizi kinashika, ila kikombe chote kikae ndani ya tailizi moja. Kikivuka mstari wa maungio, hewa inapita humohumo. Na vumbi letu la kiangazi mnalijua, kwa hiyo pafute kwanza. Nyumba ngapi za kupanga huku Igoma na Buhongwa ni saruji tupu? Muuzaji gani amewahi kukuuliza kwako chini kuna nini?

Namba moja kwangu ni gurudumu la kusukuma, na upendeleo wangu siufichi: Ab Carver Pro ya Perfect Fitness. Gurudumu lake ni pana, haliyumbi kirahisi hata kwenye niru. Ndani lina springi ya chuma inayokuzuia ukienda mbele na kukuvuta ukirudi, na linakuja na sponji ya kuwekea magoti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliopima jinsi misuli inavyofanya kazi, uliweka zoezi la gurudumu miongoni mwa yanayoamsha misuli ya tumbo zaidi. Kama unaanza, sukuma kuelekea ukutani, ukuta ukusimamishe kabla kiuno hakijabonyea. Waliojifungua kwa upasuaji, au wenye ngiri, daktari kwanza. Yale ya bei chee ya Makoroboi, yenye tairi jembamba la plastiki, yanafaa ukitandika mkeka wa mpira.

Namba mbili ni benchi la mteremko, lile unalolalia kichwa chini ukawa unainuka. Lipindue uone miguu: kama haina kofia za mpira, litatembea sebuleni na wewe juu yake.

Chuma cha kikombe nakipa namba tatu, kwa wenye tailizi tu. Wa saruji, ingiza miguu chini ya kitanda kizito, hela yako ibaki mfukoni.

Viti vya kubembea sivipi hata namba. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha San Diego State walilinganisha mazoezi 13 ya tumbo. Ab Rocker, kimojawapo cha viti hivyo, ikaburuza mkia, na lililoongoza ni lile la kulala chali ukapiga miguu kama unaendesha baiskeli. Halina mashine. Mikanda ya umeme ya kuvaa tumboni ndiyo msiniulize kabisa: mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Marekani iliwafikisha mahakamani wauzaji wa AbTronic, AB Energizer na Fast Abs kwa matangazo yao ya uongo.

Kuhusu kitambi, naomba tuelewane. Utafiti wa mwaka 2011 uliwafuata watu 24 kwa wiki sita: waliofanya mazoezi ya tumbo walipata ustahimilivu wa misuli, mafuta ya tumbo yakabaki palepale. Mashine itakupa tumbo imara na itakusaidia kuinua ndoo. Kitambi ni habari ya sahani na mwendo, na mji wenyewe umejaa vilima vya bure.

Sasa hawa wauzaji wa mtandaoni. Unauliza bei, unaambiwa njoo inboksi. Ukifika inboksi, mzigo uko Dar, tuma hela na ya kutolea, na nauli ya basi mpaka Nyegezi ni juu yako. Picha ni ya mzungu mwenye tumbo la vipande, yuko kwenye sakafu ya mbao! Mmoja nilimwomba anipigie picha ya chini ya mashine, mipira tu niione. Akanitumia yuleyule mzungu. Nikarudia ombi langu kwa heshima zote, akanibloki.