Uzoefu wangu: DeoxIT kwenye swichi za vyombo vya zamani vya kupimia, kwa hewa ya Mombasa

Nimetumia DeoxIT D, dawa ya mafuta ya kusafishia swichi za umeme, ya namna mbili, kopo la kupulizia la D5 na kichupa cha D100L chenye mdomo wa sindano. Nimeitia kwenye osiloskopu ya Tektronix 465, mita za AVO 8 na jenereta za ishara zenye swichi za kuzunguka. Naipa nyota nne kati ya tano, na kati ya hizo mbili nachagua kichupa. Nyota ya tano nimeizuia kwa jambo linalotuhusu sisi wa pwani: dawa hii inang'oa weusi wa fedha, lakini haiondoi chumvi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, halafu wanailaumu dawa. Chumvi inayoletwa na upepo wa baharini hujikusanya juu ya pointi, yaani vipande vya chuma vinavyogusana ndani ya swichi, na juu ya sahani ya swichi inayozishika. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chumvi hiyo hunyonya maji mpaka inayeyuka yenyewe, na pale palipotakiwa pasipitishe umeme panaanza kuuvujisha. Asubuhi nyingi Mombasa unyevu hupita kiwango hicho. Kwa hiyo ukiona chombo kinasoma ovyo alfajiri na kufika saa saba mchana kimetulia chenyewe, shuku chumvi kwanza. Ukipaka mafuta ya aina yoyote juu yake, unaifunika tu ibaki ndani. Na isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99, ambayo mafundi wengi huiona ndiyo safi kuliko zote, karibu haiyeyushi chumvi kabisa. Chumvi inataka maji.

Weusi wa fedha ni ugonjwa mwingine. Salfa iliyo hewani hushika pointi za fedha na kuzifunika utando. Swichi ya namna hii haijali saa wala jua: inakatakata kila unapoizungusha, na inarudi ukiibonyeza pembeni kwa kidole. Utando huo ndio unaofanya swichi ipitishe volti 240 bila taabu lakini ishindwe kupitisha milivolti chache, kwa kuwa volti kubwa huutoboa na ndogo huishia juu yake. Basi usiridhike kwamba swichi ni nzima kwa sababu balbu imewaka. Gusanisha waya za mita kwanza, andika inachosoma (mara nyingi omu 0.1 hadi 0.3), kisha pima pointi moja moja huku unatikisa mhimili wa swichi. Ukitoa ule ukinzani wa waya, pointi nzuri haibakizi kitu cha kuonekana kwenye mita ya kawaida. Inayorukaruka, hata kama inarukia omu moja tu, inahitaji kusafishwa. Kwenye AVO 8 dalili ya haraka ni sindano kukataa kukaa kwenye sifuri ya omu: unairekebisha, unahamia masafa mengine ya kupimia na kurudi, na imeshasogea.

Kabla ya kugusa chochote chomoa plagi, ngoja dakika kumi, na upime kapasita za pawa uhakikishe zimeisha umeme. Ndani ya osiloskopu kuna maelfu ya volti kwenye waya wa bomba la kioo linaloonyesha picha. Huko usipulizie kitu na usitie kidole.

Swichi za sahani ninazisafisha hivi. Changanya sehemu 70 za isopropili ya asilimia 99 na sehemu 30 za maji ya betri, yale ya kuongezea yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa kabla ya kununua, maana asidi ya betri nayo hukaa rafu ile ile. Maji ya kisima usiyatumie, yana chumvi yake. Spiriti ya vidonda nayo iache: ile ya fomula ya BP ina mafuta ya mbarika ndani yake, na mafuta hayo hubaki kwenye pointi. Chovya brashi laini ndogo kwenye mchanganyiko, pitisha kwenye sahani na katikati ya pointi, kausha kwa pamba ya masikio, rudia mara mbili au tatu. Maliza na isopropili tupu ili ivute maji yaliyobaki.

Usiharakishe kukausha. Isopropili inapoondoka hupoza kile ilichokuwa juu yake, na kwa hewa yetu nzito umande hukaa palepale ulipotoka kusafisha. Ninaweka chombo ndani ya boksi pamoja na balbu ya zamani ya wati 40, si ya LED kwa kuwa hapa tunataka joto, kwa usiku mzima. Joto la nyuzi 50 linatosha. Likizidi sana, kapasita za polistairini zinaweza kuharibika.

Ndipo D100L inaingia. Tone moja dogo kwa kila pointi, zungusha swichi kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30, ngoja dakika mbili, zungusha tena. Msuguano ndio unaofanya nusu ya kazi, na anayetia dawa bila kuzungusha anaipoteza. Kisha futa yote inayoonekana. Kosa kubwa ninaloliona kwenye vyombo vilivyopitia mikono mingi ni wingi wa mafuta. Sahani nyingi za zamani, zile za kahawia, ni karatasi iliyoshindiliwa kwa resini, na zinafyonza mafuta kama utambi. Mafuta yakiingia hayatoki, vumbi na chumvi hujibandika juu yake, na masafa ya megaomu huanza kusoma pungufu. Sahani za kauri husamehe zaidi.

Swichi za Tektronix 465 kwenye kipunguza ishara, sehemu inayopunguza ukubwa wa ishara inayoingia, usizitie DeoxIT kabisa. Zile si sahani: ni vidole vyembamba vya chuma vinavyoshushwa na mhimili wenye vinundu juu ya vituo vya dhahabu vilivyo kwenye bodi yenyewe. Dhahabu haishiki weusi, kinachoisumbua ni uchafu. Kata ukanda wa karatasi nyeupe isiyong'aa, upana milimita 5, uloweshe kwa isopropili, upitishe chini ya kidole kikiwa kimeshushwa kugusa kituo, uvute taratibu. Badilisha ukanda mpaka utoke mweupe, kisha chungulia kwa lenzi kama kuna nyuzi za karatasi zilizobaki. Msasa, raba na kisu ni marufuku hapo, dhahabu ile ni utando mwembamba mno. Thina na asetoni ni vivyo hivyo: vitabu vya huduma vya Tektronix vyenyewe vinaonya dhidi ya dawa zinazokula plastiki, na plastiki ya swichi ile ikipasuka utalazimika kuvunja chombo kingine ili upate kipuri.

Mpira wa chuma na springi vinavyotoa mlio wa kubofya viache na grisi yao. Mhimili ukiwa mgumu, safisha grisi iliyokauka kwa isopropili na weka tone la mafuta ya cherehani, mbali na pointi.

Kuhusu kopo: D5 ni asilimia 5 tu ya dawa, iliyobaki ni kiyeyusho na gesi ya kusukumia. Inasafisha vizuri swichi za kubonyeza zilizofungwa ambazo sindano haifiki, lakini pulizo moja refu hulowesha kila kilicho jirani. Linashika moto pia, kwa hiyo acha chombo nusu saa kifuniko kikiwa wazi kabla ya kukiwasha. Kuliagiza kuna usumbufu wake, kwa sababu makopo ya gesi yana masharti kwenye mizigo ya ndege. Kichupa cha mililita 25 kinatoa matone zaidi ya 500, na kwa matumizi ya tone kwa pointi kinasafisha vyombo vingi sana kabla ya kwisha.

Kwa vidhibiti vya kuzungusha au kuteleza (kama vya sauti) vyenye njia ya kaboni au plastiki tumia toleo la DeoxIT la fader badala ya hili.

Pointi ikiwa imelegea kwenye ribiti, au springi yake imechoka hadi haibani tena, hakuna dawa ya kopo wala ya kichupa itakayoisaidia. Ikunje kidogo kwa kibanio ukiweza kuifikia, au tafuta sahani nyingine.