Wiki Moja Jambiani na Mtoto wa Miaka Mitatu: Tazama Mwezi Kabla ya Kulipia Nyumba

Mwishoni mwa Juni, mimi na mume wangu tulimpeleka binti yetu wa miaka mitatu Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, tukakaa usiku sita katika nyumba ya wageni yenye vyumba vinne iliyojengwa nyuma ya ukuta wa mawe unaotazama bahari. Nyumba hiyo siitaji kwa jina, kwa sababu nina malalamiko juu yake ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe, nao wameahidi kuyashughulikia. Ninachotaka kukitathmini zaidi ni likizo yenyewe, na hasa jambo ambalo hatukulikuta katika tangazo lolote la nyumba tulilolisoma, ingawa kwa mzazi mwenye mtoto mdogo lina uzito kuliko kiyoyozi na kuliko bwawa la kuogelea: saa ambazo maji yanajaa na saa ambazo yanakupwa.

Tulijifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza tulipokwenda ufukwe huohuo, binti yetu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na tarehe tulizichagua kwa kufuata ruhusa ya kazini tu. Tukaangukia siku za maji mafu, yaani zile ambazo bahari haipandi wala kushuka sana. Asubuhi maji yalijaa wakati jua linapanda na kuanza kuchoma, kisha alasiri, jua lilipopoa, yalikuwa yamerudi nyuma yakaacha mchanga mzito na mwani, lakini hayakurudi mbali kiasi cha kufungua vidimbwi vya kuchezea. Mtoto alikaa barazani siku nyingi kuliko alizokaa baharini, nasi tukarudi Dar es Salaam tukidhani kwamba Jambiani haifai kwa watoto. Kumbe kosa halikuwa la Jambiani.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kufikia mita 4. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua sana. Watu wa pwani wanalijua hili tangu utotoni, lakini sisi tunaotoka bara tukitafuta nyumba kwa simu hatulifikirii, na lenye manufaa makubwa zaidi kwa mzazi ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki ovyo. Unguja, siku za bamvua, maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa kabisa karibu saa kumi jioni. Ukiipanga siku ya mtoto mdogo juu ya saa hizo mbili, inapangika yenyewe: asubuhi anatembea pwani, mchana analala, alasiri anaoga.

Safari hii, basi, tulifungua kalenda ya mwezi kwanza, tukahesabu siku, ndipo tukapiga simu kuulizia chumba.

Asubuhi ya pili tulishuka saa tatu. Bahari ilikuwa imekwenda zake hadi karibu na mwamba, mahali ambapo mawimbi yalionekana kama mstari mweupe tu, na mbele yetu kulikuwa na zaidi ya kilomita moja ya mchanga wenye mawimbimawimbi madogo, majani ya bahari, na vidimbwi vyenye kina cha kifundo cha mguu. Binti yetu alichuchumaa kwenye kidimbwi kimoja kisichozidi upana wa sinia la pilau, akakaa hapo karibu nusu saa. Ndani yake mlikuwa na kiti cha pweza, yule kiumbe wa bahari mwenye umbo la nyota, wa rangi ya matofali, kaa wawili wadogo waliobeba nyumba zao mgongoni, na visamaki visivyofika urefu wa kucha, ambavyo vilitulia alipotulia na kutawanyika alipoingiza kidole. Alikuwa akiingiza kidole, anakitoa, anasubiri visamaki virudi, kisha anaanza upya. Sikumbuki kumwona ametulia namna ile mbele ya kitu chochote tulichowahi kumnunulia.

Yapo ya kuzingatia katika matembezi hayo, na nayasema kwa msisitizo. La kwanza ni viatu: mvalishe mtoto yeboyebo au viatu vya mpira vinavyofungwa kwa nyuma, kwa maana karibu na mawe kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao huvunjikia ndani ya nyayo. La pili ni mashamba ya mwani. Kilimo hiki kipo pwani hii ya mashariki tangu mwaka 1989, na vile vigingi na kamba unazoziona ni riziki ya mtu, mara nyingi ya mama aliyeinama humo. Mtoto asiachwe avute kamba wala kuruka juu yake. La tatu ni kurudi mapema. Maji yakigeuka hayaji mbele yako kwa mstari ulionyooka, bali hutangulia kuingia kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na mkondo unaofika gotini kwa mtu mzima unafika kifuani kwa mtoto. Sisi tulionywa na mzee mmoja aliyekuwa akikarabati ngalawa yake. Tulimpa shikamoo, akaitikia, kisha akamtazama binti yetu na kusema, "Mrudisheni mjukuu wangu sasa, mwanangu, maji yameshageuka." Sisi hatukuwa tumeona dalili yoyote. Tulipofika chini ya ukuta na kutazama nyuma, kidimbwi chetu kilikuwa hakionekani tena.

Alasiri ndiyo saa iliyotufanya tuipende likizo hii. Usingoje saa kumi, kwa sababu siku za bamvua maji yaliyojaa hufika hadi ukutani, na mbele ya nyumba nyingi hakubaki mchanga wa kukanyaga. Saa nane na nusu hadi saa tisa na nusu ndiyo bora. Wakati huo maji yanapanda taratibu juu ya mchanga uliopigwa na jua tangu asubuhi, na yanakufikia yakiwa na uvuguvugu kama yale ya kumwogeshea mtoto kwenye beseni. Binti yetu, ambaye mara ya kwanza alilia alipoguswa na wimbi, safari hii alikaa chini, maji yakampanda miguuni, kisha tumboni, akawa anahama nyuma hatua kwa hatua kila yalipomfikia kifuani, mpaka tukafika ukutani. Upepo wa kusi wa mwezi Juni ni mkali upande huu, hivyo mtoto akitoka majini hutetemeka papo hapo. Kanga mbili kavu na fulana ya mikono mirefu viwe mkononi mwako, visiachwe chumbani.

Nikirudi kwenye nyumba: kwa shilingi 120,000 kwa usiku tulipata chumba kikubwa, kitanda cha ziada cha mtoto bila malipo, na jiko ambalo tuliruhusiwa kulitumia, jambo ambalo kwa mwenye mtoto ni nusu ya starehe. Mama mpishi alimpikia binti yetu uji wa mchele kila asubuhi bila kuombwa mara ya pili, na changu wake wa kupaka, aliyetolewa miba yote kwa mkono kabla ya kuwekwa kwenye sahani ya mtoto, alionyesha kwamba mpishi huyo amelea watoto. Maji ya bomba yana chumvichumvi, kwa hiyo maji ya kunywa na ya kusuuzia miswaki hununuliwa. Kasoro yangu ya kwanza ni chandarua, kilichokuwa na tundu la kupitisha ngumi; kilibadilishwa usiku uleule. Ya pili ni nzito zaidi. Ngazi za kushukia baharini, tisa kwa hesabu yangu, hazina uzio upande wowote, na maji yakijaa zile tatu za chini hufunikwa na kuwa na utelezi. Tulilazimika kuweka viti viwili mlangoni siku zote sita, na kupokezana zamu ya kukaa barazani.

Wengi huniuliza kwa nini hatukwenda Kendwa au Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako maji hayarudi mbali na mtu huoga saa yoyote apendayo. Kwa watu wazima nakubali kabisa. Lakini kule kina huanza mapema zaidi, na mzazi hana nafasi ya kukaa chini. Jambiani, kwa saa nzima, niliketi majini pembeni ya mtoto wangu.

Kuhusu usafiri sina mengi. Boti ya saa moja asubuhi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na kwa kuwa kusi huchafua bahari, kaeni sitaha ya chini kuelekea nyuma, mtoto akiwa amekula mkate mkavu tu. Kutoka mjini tulikodi gari badala ya kupanda daladala namba 309, kwa sababu ya mizigo. Anayepanga kwenda Julai aulize mapema tarehe za Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kijiji cha jirani, maana vyumba hujaa.

Nyumba naipa nyota tatu. Wenyewe wameniambia fundi amekwisha kupima ngazi kwa ajili ya uzio. Nikiletewa picha ya uzio huo umefungwa pande zote mbili hadi ngazi ya chini kabisa, nitaongeza ya nne.