Karafuu maiti au naftalini kabatini?

Zote hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza, na harufu yake huwakera nondo, wadudu wanaoharibu nguo. Karafuu maiti, yaani kafuri, asili yake ni mti wa Asia Mashariki, Cinnamomum camphora: vipande vya mbao hupitishiwa mvuke, kisha chembe nyeupe huganda. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa tapentaini. Naftalini hutoka kwenye lami ya makaa ya mawe.

Naftalini hudumu zaidi, lakini harufu yake hung'ang'ania nguo. Ya kafuri huisha upesi ukizianika.

Usalama ndio unaonigusa. Naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo. Kafuri ikimezwa huleta degedege haraka. Sanduku linalofungwa miezi, naftalini. Nguo za kila wiki, kafuri. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, nisingeweka yoyote anapofikia.