Duka la njiwa Mbagala: nyota tatu, na uhesabu mkia mwenyewe

Nimefuga njiwa tangu niko darasa la nne kule Pangani, juu ya bati la jiko la bibi. Wale walikuwa njiwa manga tu, wa kijivu wenye mistari miwili myeusi bawani. Hawa wa mapambo nimeanza nao uzeeni, baada ya kuacha udereva, kwa hiyo sijiiti mtaalamu. Ila mkia najua kuuhesabu.

Duka silitaji jina, maana nina malalamiko nalo na kijana mwenyewe si mtu mbaya. Niseme kwanza mazuri yake. Mabanda ni masafi, kinyesi kinakwanguliwa kila asubuhi, maji hayana utelezi. Chakula ni mtama, mahindi ya kuparaza na choroko, na pembeni kuna kopo la maganda ya chaza yaliyopondwa. Nimezunguka mabanda yote sikuona ndege aliyejikunyata wala mwenye macho ya majimaji. Kwa hilo nampa tano kamili.

Shida ni vibao. Kila banda lina kipande cha boksi kilichoandikwa aina kwa kalamu nene, na nina hakika kijana aliandika alichoambiwa na aliyemuuzia, basi.

Chukua banda la "Kingi mdogo". Ndani mna njiwa wa duara, kifua mbele, mkia umesimama kama wa mtetea.

"Huyu bado mtoto, mzee wangu. Mpe miezi mitatu atakuwa kama kuku."

Nikaomba nimshike. Kinda la njiwa lina vinywele vya njano shingoni, na lile nundu la juu ya pua bado lina rangi ya kufifia. Huyu nundu lake lilikuwa jeupe kama chokaa, manyoya yamekamilika, na nilipomrudisha akavimbisha shingo akaanza kunguruma. Mtoto hangurumi, mtoto hulia ule mlio mwembamba wa kuomba chakula. Huyo alikuwa modena, aina yenye jina la mji wa Italia, na mwili wake unaishia hapo hapo. Kingi ni Mmarekani mwenye nyama, anakaribia kilo nzima. Anayenunua akisubiri akue atasubiri sana.

Jakobini, kwa haki, ni jakobini kweli. Ule ukosi wa manyoya umezunguka kichwa mpaka umekutana mbele, siyo wa kisogoni tu kama machotara ninaowaona mitaani. Mpelekee mkono kwa ubavuni, hauoni mpaka umguse. Bei yake nimeiacha palepale.

Nilichonunua ni jozi ya fenteli, shilingi 150,000, kibao kinasema "Fenteli ya India, orijino". Hapa kosa ni langu pia, kwa sababu nilifika jioni, umeme umekatika, nikawaona wamefungua mikia kama tausi, nikalipa. Asubuhi nikamshika mmoja, nikamfungua mkia unyoya kwa unyoya. Njiwa wa kawaida ana 12. Fenteli safi huanzia kama 30 na kupanda. Mimi nilipata 19. Nikarudia, kumi na tisa. Tena fenteli ya India ina kishungi kisogoni na manyoya miguuni, hawa kisogo laini na miguu mitupu. Wazuri, sikatai, lakini babu yao mmoja alikuwa njiwa manga kama wa bibi yangu.

Halafu na hiyo jozi. Walijenga kiota wakatamia kwa zamu, nikafurahi. Kuchungulia: mayai manne. Njiwa jike hutaga mawili. Nikayamulika kwa tochi ya simu baada ya wiki, hakuna hata mshipa mmoja, yote yanang'aa kama balbu. Nimeuziwa majike mawili.

Sasa jambo ambalo sijui niliweke upande gani. Siku ileile, banda la chini kabisa, kulikuwa na dume mweupe ambaye manyoya ya mabawa yamejikunja vipete vipete kama nywele zilizotiwa rola. Hakuna kibao. Kijana akasema, "Huyo alilowa akiwa mdogo, manyoya yakaharibika. Toa elfu ishirini tu." Ni frilbeki, ndivyo wanavyozaliwa. Nilitoa elfu ishirini haraka kuliko nilivyowahi kutoa hela yoyote, na nilimwambia jina lake nikiwa nimeshamtia kwenye boksi. Mke wangu anasema nilimdhulumu mtoto wa watu. Mimi naona tumelipana kwa zile fenteli.

Nilimrudia na habari ya mayai. Hakubisha. Aliomba radhi, akaniambia nilete jike mmoja anibadilishie, lakini mpaka leo dume la fenteli hana, na simu anapokea kila mara. Ndiyo maana ni nyota tatu, siyo moja. Ukienda, nenda mchana, shika ndege mkononi, na kibao usikisome.

Frilbeki nimemweka na mmoja wa wale majike. Tangu juzi anamzungukia, shingo imevimba, ananguruma. Makinda yakitoka, nitamwachia kijana awatafutie jina.